Mlima unapokukojoza: maji, chumvi na homoni kwa anayepanda Kilimanjaro

Usiku wa kwanza pale Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, milango ya vibanda haitulii. Mtu anatoka na tochi kichwani, anatetemeka, anakwenda chooni, anarudi. Kabla mfuko wa kulalia haujapata joto, anatoka tena. Asubuhi kwenye uji nasikia maneno yale yale: "Kaka, mimi leo maji siyagusi. Jana nimeamka mara nne." Aliyekaa mbele yake ana imani nyingine. Kaambiwa dawa ya mlima ni maji, basi tangu getini ameshakunywa lita tano na bado anajilazimisha.

Wote wawili wamekosea, na kila mmoja anaweza kuumia kwa kosa lake. Mkojo wa usiku ule ni habari njema. Ni mwili unaojua kazi yake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia usiuzuie mwili kufanya kazi hiyo. Nimeuandika kwa anayepanda mara ya kwanza, hasa Watanzania wanaokuja kila mwaka kuelekea 9 Desemba, na nimefuata njia ya Marangu kwa kuwa ndiyo wengi wanaanzia. Anayekwenda Meru, Lenana ya Mlima Kenya au Rwenzori atakuta mambo ni yale yale.

Kwanza uelewe figo zako zinafanya nini

Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina fungu lile lile la oksijeni kama hewa ya Tanga: karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kileleni ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyozoea.

Pembeni mwa shingo, pale mshipa mkubwa unapogawanyika kupeleka damu kichwani, kuna vinundu vidogo vinavyoonja oksijeni ya damu. Vikiona imeshuka, vinaamsha upumuaji. Unapopumua kwa kasi unatoa hewa ukaa nyingi, na damu inapungukiwa asidi. Figo hurekebisha hali hiyo kwa kutupa bikaboneti kwenye mkojo. Bikaboneti haiondoki peke yake; inatoka na sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayoshika maji mwilini, na sodiamu ikitoka maji yanaifuata.

Hapo ndipo homoni zinapoingia. Aldosteroni hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia, na kazi yake ni kuzuia chumvi isipotee. Huamshwa na mnyororo unaoanzia kwenye renini, kimeng'enya ambacho figo zenyewe hukitoa. Ukiwa umetulia kwenye mwinuko mkubwa, aldosteroni hushuka, na chumvi inapata njia ya kutoka. Vasopresini hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na yenyewe huziambia figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyamwaga. Kwa mtu anayeuzoea mlima vizuri, nayo haipandi. Halafu upo moyo wenyewe. Mwaka 1981, nchini Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walionyesha kuwa vyumba vya juu vya moyo vina homoni inayofanya figo zimwage chumvi na maji. Mlimani mishipa ya mapafu hubana kwa kukosa oksijeni, upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, chumba chake cha juu kinatanuka, na homoni hiyo inaongezeka.

Kwa nini mwili ujikamue hivyo? Kwa sababu katika siku chache za mwanzo, majimaji ya damu yakipungua kwa asilimia 10 hadi 20, chembe nyekundu zilizobaki zinasongamana, na kila tone la damu linabeba oksijeni zaidi. Figo hutoa pia eritropoyetini, homoni ya kutengeneza chembe nyekundu mpya, na huanza kuipandisha ndani ya saa chache tu. Lakini chembe hizo zinahitaji wiki kadhaa kukomaa na kuongezeka vya kutosha. Safari yako ni ya siku 5 au 6. Unachotegemea ni kukojoa.

Sasa shika neno hili, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: kutulia kunamwaga, kujikaza kunashikilia. Ukipanda kwa nguvu, renini, aldosteroni na vasopresini zote zinapanda, mkojo unakauka, chumvi na maji vinabaki ndani. "Pole pole" ya mlimani wengi wanaichukua kama suala la pumzi tu. Ni agizo kwa tezi pia.

Hatua ya 1: Wiki kadhaa kabla, pita kwa daktari

Kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, usipande kwa kusoma maandishi kama haya peke yake. Dawa nyingi za presha hufanya kazi kwenye mnyororo ule ule wa renini na aldosteroni, na nyingine ni za kukojoza. Mlima nao unaongeza wa kwake juu yake. Daktari anaweza kubadilisha kipimo, na hilo si la kuamuliwa na kiongozi wa msafara wala na rafiki aliyepanda mwaka jana.

Jambo moja ambalo kwetu lazima lisemwe kwa sauti: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande. Hata aliyebeba vinasaba vyake bila kuugua anaweza kupata maumivu makali ya bandama juu mlimani, kwa kuwa oksijeni ndogo na damu iliyokolea vinazifanya chembe zijikunje. Kama ndugu yako wa damu ana selimundu na wewe hujawahi kupima, pima kabla ya kulipia safari.

Hatua ya 2: Panga vituo vya kulala

Njia ya Marangu ina vibanda Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Yaani kila siku unaruka mita 1,000. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike. Marangu ya siku 5 haikaribii hapo hata kidogo. Lipia usiku wa pili wa Horombo. Ni fedha, najua, na kwa wengi ni fedha nyingi, lakini siku ile ndiyo inayozipa figo muda. Mchana unapanda taratibu hadi Zebra Rocks kisha unarudi kulala chini. Wanaopita Machame wana nafuu hiyo ndani ya njia yenyewe: wanafika Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu wanashuka kulala Barranco, kama mita 3,900.

Kabla hujaondoka nyumbani, vua pete. Vidole vikivimba kule juu, pete haitoki.

Na pombe ya kuagana usiku wa mwisho Moshi, iache. Inazima vasopresini, unakojoa maji ambayo mwili bado unayahitaji, unaanza safari ukiwa umekauka. Pombe pia inapunguza upumuaji usingizini, na upumuaji ndio kila kitu huko unakokwenda.

Hatua ya 3: Kunywa kwa utaratibu, bila ubahili wala pupa

Unapoteza maji kwa jasho, na kwa pumzi pia, kwa sababu hewa ya juu ni kavu na unaivuta kwa kasi. Baridi nayo inafifisha kiu, hivyo kiu peke yake haitoshi kukuongoza. Kwa mtu mzima anayetembea siku nzima, kadiria lita 3 kwa siku, na hapo hesabu chai, uji na supu. Mwenye mwili mkubwa au anayetoka jasho sana ataongeza kidogo.

Yagawe hivi. Asubuhi kabla ya kuondoka, vikombe 2 vya kitu cha moto. Njiani, mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Ukifika kambini, chai na supu. Kuanzia saa 1 jioni punguza. Hapo umemtendea haki yule ndugu aliyeamka mara nne: hatanyimwa maji, ila atayanywa mchana. Lala na chupa pana ya kukojolea, yenye kifuniko imara na alama ambayo mkono unaitambua gizani. Usione haya. Kutoka nje penye barafu mara nne kunakunyima usingizi, na wapo walioteleza wakienda kuchimba dawa usiku.

Mtu wa lita tano naye anisikilize. Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata ambaye mwili wake haujazoea oksijeni ndogo. Upungufu wa maji unaleta kichwa kuuma, na kunywa kunatibu kichwa hicho. Ndiyo maana watu hudhani maji ndiyo kinga. Ukishatosheka, funda la ziada halikuongezei oksijeni yoyote. Likizidi, linaleta hatari nyingine: sodiamu ya damu inazimuliwa, maji yanaingia ndani ya chembe za ubongo, ubongo unavimba. Mwendo mgumu, maumivu na kichefuchefu hupandisha vasopresini, kwa hiyo figo zimefunga mlango wakati wewe unazidi kumimina. Usifikishe lita moja kwa saa hata ukiwa na kiu kali.

Hatua ya 4: Chumvi ije na chakula

Vidonge vya chumvi havina kazi hapa, na chumvi nyingi ya ghafla huongeza kuvimba. Kinachofaa ni kula. Tatizo la mlimani ni kwamba hamu ya kula inakatika, na mtu anayekunywa maji matupu bila kula ndiye sodiamu yake inashuka. Wapishi wa mlimani wanalijua hili hata wasipolitaja kwa jina la homoni: ndiyo maana kila jioni chakula kinaanza na supu, na ukifika kambini unakuta bisi zenye chumvi pembeni ya chai. Kula bisi zile. Kunywa supu ile hata kama nyama imekushinda. Ndizi mbivu ni nzuri kwa potasiamu.

Ukiharisha au kutapika, tumia ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie kwa mkono.

Hatua ya 5: Soma mkojo wako kila siku

Hii ndiyo hatua ninayoisimamia kuliko zote, na kwa waliopanda nami naiuliza bila aibu asubuhi na jioni: umekojoa mara ngapi, wa rangi gani?

Unaotafuta ni wa njano hafifu, na wa kutosha, mara 5 au 6 kwa siku pamoja na usiku. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, unadaiwa maji. Ukiwa kama maji ya bomba siku nzima na wewe bado unajilazimisha kunywa, simama. Kumbuka tu kwamba vidonge vya vitamini B hugeuza mkojo kuwa wa njano kali, na anayetumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko nitakayoieleza hatua ya 7, atakojoa mwingi na mweupe hata kama amekauka, kwa hiyo kwake rangi haitoshi. Atazame midomo, kiu, na kizunguzungu anaposimama.

Sasa lile lenye uzito. Mtu anakunywa kama wenzake, wenzake wanakojoa, yeye hakojoi. Uso umejaa, kichwa kinauma, chakula hakitaki. Huyo mwili wake umeshindwa kupata ule mwitikio wa kumwaga, umeanza kushikilia. Akitapika, kichefuchefu kinapandisha vasopresini zaidi, na anazidi kushikilia. Dalili hizi zikikutana, hapandi tena. Analala pale pale alipo, na zikizidi, anashuka.

Hatua ya 6: Tofautisha uvimbe

Kope zilizojaa asubuhi, vidole vinene kama vimelowa, alama ya soksi isiyofutika: hayo ni ya kawaida mlimani, na huwapata zaidi wanawake. Ni chumvi iliyoshikiliwa na siku nyingi za kutembea. Legeza kamba za begi, inua miguu ukipumzika, punguza mwendo. Kama huna dalili nyingine, endelea.

Kukosa pumzi ukiwa umekaa ni jambo jingine. Kikohozi kisichokoma, kifua kinachokoroma, kushindwa kulala chali, povu la waridi: mapafu yanajaa maji, kwa sababu ya mgandamizo mkubwa kwenye mishipa yake. Na anayeyumba kama mlevi, au anayejibu maswali ovyo, ubongo wake umevimba. Mtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, hukumu imepita. Hao wote wawili wanashushwa saa ile ile, usiku au mvua, wakisaidiwa oksijeni kama ipo. Asubuhi inaweza isiwakute.

Aliyezidisha maji hufanana na mgonjwa wa mwinuko: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Muulize yeye na wenzake amekunywa kiasi gani. Kama ni lita nyingi za maji matupu, mikono imevimba na hajala, mzuie maji, mpe supu yenye chumvi ikiwa yuko macho na anameza vizuri, mshushe, apelekwe hospitali. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni ziende kwa uangalifu, kwa sababu huzifanya figo zishikilie maji. Kwa kichwa, paracetamol inatosha wengi.

Hatua ya 7: Diamox, kama daktari amekubali

Jina lake la kitabibu ni asetazolamaidi. Inazifanya figo zitupe bikaboneti, yaani inaiga na kuharakisha kazi ile ile niliyoieleza mwanzo, na hivyo unapumua vizuri zaidi, hasa usingizini. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitachomachoma, na soda itakuwa na ladha iliyochacha, havina madhara. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito na mgonjwa wa figo au ini wamwambie daktari kabla. Ijaribu nyumbani siku mbili.

Nakusihi, usinunue Lasix ukidhani ni ndugu yake kwa kuwa zote zinakojoza. Lasix inamwaga chumvi na maji bila kukuongezea pumzi, na inakuacha umekauka mahali ambapo kukauka ni hatari.

Hatua ya 8: Usiku wa kilele

Kibo hakuna maji. Wapagazi huyabeba kutoka chini. Kwa wanaopita Machame, kambi ya Barafu nayo hutegemea yanayobebwa kutoka kambi ya Karanga. Yatumie ukikumbuka mgongo ulioyaleta.

Beba lita 1.5 hadi 2, sehemu yake iwe chai ya tangawizi yenye sukari ndani ya chupa ya kutunza joto. Chupa nyingine ivishe soksi nzito na uigeuze kichwa chini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu. Mifuko ya maji yenye mrija huziba barafu kwenye mrija kabla hujafika Gilman's, pale unapofikia ukingo wa kreta. Utahisi mkojo ukikubana sana, kwani baridi hubana mishipa ya ngozi, damu inarudi kifuani, na mwili unadhani maji yamezidi. Kojoa mapema, usijibane. Hatua ziwe fupi kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi.

Neno kwa wapagazi na wanaowaajiri

Kuzaliwa Kibosho au Marangu si chanjo. Vijiji vyetu viko chini sana ya mwinuko unaobadilisha mwili, na kijana aliyekaa mjini miezi mitatu anapanda na damu ile ile ya mgeni. Zaidi ya hapo anabeba. Mzigo wa mteja kisheria ni kilo 20, na kila kilo inayoongezwa kwa siri inapandisha renini na aldosteroni za aliyeibeba. Nimeshuhudia kijana akitembea kutwa kwa kikombe kimoja cha chai na ugali wa jana, kwa sababu maji ya chupa yalihesabiwa ni ya wageni. Hilo linaniuma mpaka leo. Maswali ya hatua ya 5 waulizwe na wao, jioni na asubuhi, na jibu likiwa baya, mzigo uhamishwe.

Hatua ya 9: Ukishashuka

Kiu na njaa hurudi kwa nguvu Horombo, au Mweka kwa wanaoshukia njia hiyo. Kula, kunywa ukiisikiliza kiu. Siku moja au mbili za kwanza utakojoa sana, ni chumvi ya siku zile za kujikaza inayotoka, na miguu iliyojaa itapungua yenyewe ukiilaza juu ya mto. Acha Diamox ukianza kushuka. Dawa za presha zirudi kwenye kipimo alichokuandikia daktari. Mguu mmoja pekee ukibaki umevimba, una joto na unauma ukikanyaga, usiukande wala usiusubirie: nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaangaliwe kama damu imeganda kwenye mshipa.